Uzoefu wangu na riwaya ya Alias Grace: tuhuma, mapenzi na shuka la pili

Mwezi huu nimemaliza kuisoma Alias Grace kwa mara ya pili, na ninaandika haya kwa sababu mara ya kwanza niliisoma vibaya. Niliisoma kwa pupa, nikilifukuzia jibu moja tu: je, msichana huyu aliua au hakuua? Mara ya pili niliwasimulia mama na dada zangu wawili, sura baada ya sura, usiku baada ya isha tukiwa tumekaa ukumbini tunashona kofia, na hapo ndipo nilipoona kwamba Margaret Atwood, mwandishi wa Kanada aliyeitoa riwaya hii mwaka 1996, alikuwa akituchungua sisi wasikilizaji kwa makini yale yale anayomchunguza mtuhumiwa wake.

Grace Marks alikuwa mtu wa kweli. Alizaliwa Ayalandi, akahamia Kanada na wazazi wake angali mtoto, na mwezi wa Julai 1843, akiwa na umri wa miaka 16 hivi, alikuwa mtumishi katika nyumba ya bwana mmoja aitwaye Thomas Kinnear, kaskazini ya Toronto. Bwana huyo aliuawa, na msimamizi wa nyumba yake, Nancy Montgomery, ambaye pia alikuwa kimada wake, akauawa. Grace na mtumishi mwenzake, James McDermott, walivuka ziwa wakakimbilia Marekani, na huko Lewiston wakakamatwa, Grace akiwa amejipa jina la Mary Whitney. Ndilo jina hilo la kubandika linalodokezwa na neno alias katika anwani ya kitabu. McDermott alinyongwa mwezi wa Novemba mwaka ule ule. Grace naye alihukumiwa kifo, lakini adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha, na alikaa ndani karibu miaka 29, baadhi ya wakati huo katika hospitali ya wagonjwa wa akili, mpaka aliposamehewa mwaka 1872. Mambo haya makuu mwandishi ameyaacha kama yalivyo. Alichobuni ni daktari kijana, Simon Jordan, ambaye mwaka 1859 anaanza kumtembelea mfungwa huyu ili amkumbushe siku anayodai kuwa haikumbuki, na kidogo kidogo moyo wa daktari unaanza kumponyoka.

Mazungumzo yao mengi hufanyika katika chumba cha kushonea, nyumbani kwa mkuu wa gereza, daktari na daftari lake, Grace na sindano yake. Daktari humletea vitu mkononi, siku ya kwanza tufaha, baadaye viazi na mboga nyingine za mizizi, akitumaini kwamba kitu cha chini ya ardhi kitamvuta akumbuke ghala la chini ya nyumba ile, ambamo maiti zilikutwa. Grace anakijua anachotakiwa kusema, na hakisemi. Mimi hushona kofia kwa mkono tangu nikiwa na miaka tisa, na naweza kushuhudia kwamba mwandishi anaijua vyema hali ya mwanamke aliyeshika sindano: macho yako yako kwenye kitambaa, kwa hiyo hakuna anayeweza kukusoma, na ukitaka kunyamaza unauma uzi. Milango ya kitabu imepewa majina ya mitindo ya mifarishi ya viraka, kama vile vyombo vilivyovunjika, droo ya siri na mti wa peponi, na kila jina linaufungua mlango wake kama jina la leso linavyosema lile ambalo aliyeivaa hatalitamka.

Sehemu iliyotushika kuliko zote ni ile ya safari ya baharini. Mama yake Grace anafariki melini, na maiti yake inabidi ifungwe shuka na kutoswa baharini. Shuka zipo, na msichana huyu wa miaka kumi na miwili hivi anaamua kutoa ile ya pili kwa uzuri, ile nzuri kabisa akaiweka kwa ajili ya walio hai. Uamuzi huo unamwandama miaka yote. Nilipofika hapo mama yangu aliiweka kofia chini, akasema, "Sanda ni haki ya maiti, mwanangu. Angempa ile nzuri." Tulinyamaza kwa muda. Kisha akaongeza kwamba mtoto anayejilaumu maisha yake yote kwa sababu ya shuka hawezi kuwa muuaji. Dada yangu mkubwa akamjibu, kwa adabu, kwamba yeye ameona kinyume chake: mtoto aliyeweza kupima shuka ipi ya kutoa wakati mama yake amelala mbele yake ni mtu mwenye moyo wa hesabu, na mwenye moyo wa hesabu anaweza lolote. Tendo ni moja, shuka ni ile ile. Siku ile niliisikia mahakama nzima imekaa ndani ya ukumbi wetu, nami nikakumbuka kwamba katika usomaji wangu wa kwanza niliipita shuka hiyo bila hata kusimama.

Ushahidi uliomuumiza Grace nao ulikuwa wa nguo. Kijana wa jirani, Jamie Walsh, ambaye kitabu kinaonyesha jinsi alivyompenda, alisimama mahakamani akaeleza kwamba siku ya tukio alimwona Grace amevaa vitu vya Nancy. Kwa msomaji wa Lamu jambo hili halihitaji maelezo marefu, maana kwetu mtu hutambuliwa kwa leso aliyojitanda kabla hajafunua uso, na msichana akionekana na leso isiyo yake, swali huanza mtaa wa Mkomani likafika mtaa wa Langoni kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Nimeona binti wa watu akivunjiwa jina kwa jambo dogo kuliko hilo, na sitaki kuliandika zaidi ya hapa.

Wanaotafuta mapenzi watayapata, ila wajue kwamba mwandishi ameyasuka pamoja na tuhuma mpaka huwezi kuvuta uzi mmoja bila mwingine kuja. Kila mwanamume anayempenda Grace ana Grace wake kichwani: daktari anataka mgonjwa aliyedhulumiwa ambaye yeye ndiye atakayemwokoa, Jamie alitaka malaika, na alipomkosa malaika akatoa ushahidi. Niliyempenda mimi ni Jeremiah mchuuzi, anayepita nyumba kwa nyumba na mzigo wake, kwa kuwa ni yeye peke yake anayezungumza na Grace pasipo kumdai awe safi. Mary Whitney wa kweli katika riwaya, rafiki yake wa ujana na mtumishi mwenzake, ameandikwa kwa uhai mkubwa, na kifo chake kilinitoa machozi mara zote mbili. Mzazi au mwalimu anayetaka kumpa kijana kitabu hiki ajue mapema kwamba kifo hicho kinatokana na kuharibu mimba, na kwamba yapo mambo ya zinaa ambayo hayakufichwa.

Udhaifu upo. Kurasa 80 za mwanzo zinakwenda polepole mno, na uhusiano wa daktari na mwanamke aliyempangisha nyumba umerefushwa kupita haja yake. Nilipokuwa nasimulia niliukata, na hakuna aliyeulizia. Lugha ya Kiingereza chake pia si nyepesi. Sehemu anazosimulia Grace hazina alama za kunukuu, kwa hiyo ni juu yako kusikia nani anasema na nani anawaza tu. Mwanzo zilinisumbua, lakini niliposoma kwa sauti tatizo likaondoka lenyewe. Tamthilia yake ya televisheni ya mwaka 2017, yenye vipindi sita, ni nzuri, hata hivyo ningeshauri uanze na kitabu, kwa sababu kwenye kioo uso wa mwigizaji unakujibu maswali ambayo maandishi yameyaacha wazi kwa makusudi.

Kuhusu ununuzi: niliagiza kwa duka moja la vitabu la Mombasa, na nakala ya kwanza ilifika ikiwa imelowa maji ya chumvi kwa kuwa haikufungwa nailoni kabla ya kupandishwa boti pale Mokowe, gati la upande wa bara, kubadilishiwa kulichukua wiki tano. Atakayeagiza kuja visiwani asisitize kufungiwa vizuri.

Sehemu nyingine niliisoma mchana ndani ya Ngome ya Lamu, katika maktaba yake. Ngome ile ilikuwa jela tangu 1910 hadi 1984, na mama anakumbuka enzi hizo. Kusoma habari za mwanamke anayehesabu miaka ndani ya kuta nene, nawe umezungukwa na kuta nene, kunabadilisha pumzi ya kusoma. Ni humo pia nilipofikiri juu ya tarehe. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake wasia kwa utenzi hapa hapa visiwani kwetu, akimwachia maneno ya kumlinda katika nyumba ya mume na mbele ya watu. Mwaka mmoja baadaye ndipo Atwood anapomweka Grace mbele ya daktari, mwanamke ambaye mama yake alitoswa baharini bila kumwachia neno, na ambaye adabu zote za nyumba za wakubwa alizipata kwa mtumishi mwenzake aliyemzidi umri kidogo tu. Baada ya kuwaza hivyo sikuweza tena kumsoma kama kitendawili.

Kuhusu kikao cha usiku ambapo Grace anafunikwa utaji na kulazwa usingizi kwa nguvu ya maneno tu mbele ya wageni, sitasema kinachotokea. Nitasema tu kwamba kofia zote nne zilisimama, na kwamba nilipomaliza, dada mdogo, ambaye usiku wote hakuwa amechangia lolote, aliniomba nirudie ukurasa ule tangu mwanzo, neno kwa neno, nisiruke kitu. Nakala sasa iko kwake. Mama kila asubuhi anamuuliza amefika wapi, na kama shuka imetajwa tena.