Duka la Tingatinga, Morogoro Stores: kwa anayeandika hadithi kila siku

Ukiamua kuandika hadithi fupi kila siku, muda utaupata. Kigumu ni pa kuanzia. Mimi huanzia kwenye picha, na picha zangu nyingi nimezinunua kwenye duka la ushirika wa wachoraji wa Tingatinga, pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar es Salaam. Kwa kazi hii sijaona duka linalolifikia.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru ambaye mtindo huu wa uchoraji umepewa jina lake, alianza kuchora mwaka 1968 hapa hapa Dar, kwenye hadibodi, kwa rangi ya mafuta inayong'aa. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi za polisi. Miaka minne tu! Lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa zake, nao wakafundisha wengine, hadi ushirika huu ukaundwa mwaka 1990. Picha nyingi za Tingatinga mwenyewe zina mnyama mmoja, nyuma yake rangi moja tupu. Hakuna kivuli wala anga, kwa hiyo hujui ni alfajiri au jioni. Saa unaiweka wewe mwandishi, na ukishaiweka hadithi imeanza kutembea.

Hata hivyo, chui au tausi hunipa hadithi ya siku moja, basi. Utajiri uko kwenye picha za kijiji, zile alizozipenda marehemu Mohamed Charinda, mchoraji wa mtindo huu huu, zenye watu tele na mashetani kati yao. Ninayo moja ya namna hiyo, kazi ya kijana wa sasa: wanawake wanatwanga, wazee wamezunguka chungu cha pombe, mmoja yuko juu ya mnazi, na pembeni kabisa mtoto ameshika kamba ya mbuzi, amewapa wote mgongo. Wiki nzima nimekula kwa picha hiyo. Siku moja mbuzi alikuwa wa mahari, siku nyingine wa ada ya shule, na siku moja nikaandika anachokiona yule wa juu ya mnazi, ambacho wa chini hawakijui. Kila siku namchagua mtu mmoja, ukurasa mmoja wa daftari, sivuki.

Wachoraji wenyewe wanafanyia kazi hapo hapo, na hawachoki kuulizwa. Nilipouliza habari za yule mtoto, mchoraji aliweka brashi akanijibu, "Dada, huyo anamsubiri baba yake, lakini baba hatokei." Sikuandika alichoniambia, kwa sababu hiyo ni hadithi yake. Nilimwandika baba, na sababu ya kutotokea.

Bei ni ya mapatano, na inategemea ukubwa na wingi wa kazi; picha ya watu wengi itakugharimu kuliko ya twiga mmoja, na ni haki, maana kila kichwa kimechorwa kwa mkono. Vibao vidogo vinatosha kabisa juu ya meza ya kuandikia. Rangi ya mafuta huchelewa kukauka, hivyo uliza imepakwa lini kabla ya kufungiwa kwenye gazeti. Soma pia jina la mchoraji kwenye kona ya picha, uliandike daftarini juu ya hadithi yako. Ukija kuisomea watu hadithi, mtaje.