Gari la kujiundia: lipia kwanza kile usichoweza kukibadili baadaye

Wanaonipigia simu kuhusu Caterham Seven huanza na injini. Nami huwauliza: unavaa kiatu namba ngapi?

Gari hili dogo la viti viwili lilizaliwa mwaka 1957 kwa jina la Lotus Seven, kazi ya Colin Chapman. Mwaka 1973 kampuni ya Caterham ikachukua haki za kuliunda, na mpaka leo hapa Uingereza unaweza kuletewa vipande kwenye visanduku, ukalifunga mwenyewe nyumbani. Zamani watu walijiundia ili kukwepa kodi ya mauzo iliyotozwa gari zima. VAT ilipoingia, mwaka huo huo wa 1973, nafuu hiyo ikaisha. Leo anayejiundia anaokoa gharama ya ufundi, lakini zaidi anataka kulijua gari lake mpaka nati ya mwisho.

Nimefunga langu, na nimesaidia kufunga mengine mawili. Nilichojifunza ni hiki: machaguo kwenye fomu ya kuagizia gari yapange kwa ugumu wa kuyabadili, usiyapange kwa utamu. Kile ambacho kukibadili ni kulifumua gari zima ndicho cha kulipiwa kwanza. Kile kinachoshikwa na bolti nne kinaweza kungoja mshahara wa mwakani.

Namba moja: chesisi

Zipo mbili. S3 ndiyo nyembamba, yenye umbo lile la asili. SV ilikuja mwaka 2000 kwa ajili ya watu warefu na wanene, nayo ni pana zaidi kwa takriban sentimita 11. Ukishachagua, umechagua. Hakuna fundi atakayekupanulia chesisi baadaye.

Hapo ndipo kiatu kinapoingia. Kwenye S3 pedali tatu zimebanana kiasi kwamba mara ya kwanza nilipokaa ndani nikiwa na viatu vyangu vya kazini, nilikanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Gari lilikuwa limesimama, injini imezimwa, lakini jasho lilinitoka. Nilirudi siku nyingine na raba za soli nyembamba, mambo yakawa sawa. Kwa hiyo usiagize kabla hujakaa ndani ya zote mbili, na ukae nusu saa nzima, si dakika mbili za kupigwa picha. Vaa viatu utakavyoendeshea. Mketishe pembeni yako yule utakayesafiri naye. Nyosha mkono mpaka kwenye hendibreki, kisha ujifunge mkanda bila kusaidiwa.

Ukiwa mrefu lakini mwembamba, kuna njia ya katikati: S3 yenye sakafu iliyoshushwa. Ni sentimita chache tu, lakini ndizo zinazoamua kama kichwa kitajificha nyuma ya kioo au kitapigwa na upepo safari nzima. Sakafu hiyo hutoka kiwandani pamoja na chesisi, kwa hiyo iandike kwenye fomu siku ya kwanza. Wapo watakaokuambia SV si Seven ya kweli. Wasikubabaishe. Gari linalokuumiza magoti utaliuza kabla ya miaka miwili.

Namba mbili: difu

Hapa ndipo wengi wanapobana pesa, na ndipo wanapojuta. Difu ni gia za nyuma zinazogawa nguvu ya injini kwa tairi mbili. Ile ya kawaida ikishindwa kwenye kona kali hupeleka nguvu yote kwenye tairi lililopoteza mshiko, likazunguka bure huku gari halisogei. LSD, yaani difu yenye kizuizi cha kuteleza, huzuia hilo. Kwa gari jepesi linaloendeshwa na tairi za nyuma tofauti yake unaihisi wazi, hasa barabara ikiwa na maji.

Lakini sababu yangu kubwa ni kazi yenyewe. Difu ni dude zito la chuma na mahali pa kuipenyeza ni pafinyu. Tulitandika blanketi kuukuu juu ya mabomba ya chesisi ili rangi isichubuke. Mwanangu alilala chini na jeki, mimi nikawa juu naongoza kwa mikono. Ikapanda. Bolti ndefu ya juu ikakataa kupita. Kumbe hapo ndipo washa, vile vibati vya duara vyenye tundu, zinapofanya kazi: unazipanga kushoto na kulia, nyembamba na nene, mpaka difu ikae katikati kabisa. Tukapima kwa rula ya chuma, tukachomoa washa moja, tukapima tena, tukaihamishia upande wa pili. Tulianza saa tatu asubuhi. Bolti ilipopita hatimaye ilikuwa saa kumi na moja jioni, ikaingia laini kama ufunguo kwenye kufuli lake, na mwanangu akabaki amelala pale pale sakafuni akicheka kwa furaha.

Sasa fikiria kuirudia kazi hiyo baada ya miaka mitatu, tangi la mafuta na ekseli vikiwa tayari mahali pake, kwa sababu tu ulikataa LSD kwenye fomu. Ilipie.

Namba tatu: injini na gia boksi

Kabla ya kutamani nguvu, angalia uzito. Toleo la Seven liitwalo 420 lina kilo 560 hivi, wakati Toyota Vitz inakaribia 1,000. Injini yake ya Ford ya lita 2 inatoa nguvu za farasi 210. Kwa uzito ule hiyo ni nguvu nyingi mno, na kwa mtu aliyewahi kuendesha gari la kasi, hili ndilo chaguo ninalolipa nafasi ya kwanza.

Nafasi ya pili naipa toleo la 170, na ninaipa kwa moyo mweupe. Injini yake ni ya Suzuki, sentimita za ujazo 660 na tabo, farasi 84 tu, gari zima kilo 440. Ni nyembamba, mita 1.47 kwa upana, ili ikidhi sheria ya magari madogo ya Japani. Kwenye vijia vya mashambani vya huku, vilivyobanwa na ua wa miti pande zote mbili, wembamba huo ni raha. Unaweza kuikanyaga mpaka mwisho kwa muda kabla hujavuka kikomo cha mwendo. Kwa anayejiundia mara ya kwanza, mwenye bajeti ya kuhesabu, sioni aibu yoyote kuanzia hapo. Ila na wewe mwenyewe uwe na mwili mwembamba.

Toleo la 620, lenye farasi 310, nawaachia waliokwisha kuzoea Seven nyingine.

Gia boksi ya gia 5, ile iliyotoka kwenye Mazda MX-5, inatosha barabarani. Injini na gia boksi huunganishwa sakafuni, kisha huteremshwa pamoja kwa winchi, kwa hiyo ukitaka nyingine amua kabla ya hapo.

Namba nne: S au R

Kwa ufupi, kifurushi cha S ni cha barabarani na R ni cha uwanja wa mashindano. R inakupa sasipensheni ngumu, viti vyepesi vya mbio, mikanda ya ncha nne na LSD. S inakupa starehe kidogo: zulia, viti vya ngozi, kioo kamili cha mbele, turubai na milango ya kuning'iniza.

Ushauri wangu kwa anayeishi kwenye mvua hii: chukua S, uongeze LSD peke yake. Viti na mikanda utabadilisha ukitaka, ni kazi ya jioni moja. Kioo kamili usikiache. Bila hicho utalazimika kuvaa helmeti au miwani ya kukinga upepo kila utokapo, na turubai na milango havina pa kushikia. Hita nayo iwepo. Mimi nimekulia Tanga, na mwezi wa Machi huku bado ni baridi kwangu.

Yanayoweza kungoja

Rimu, usukani, vioo vya pembeni, mapambo ya kaboni. Kwenye rimu kumbuka jambo moja: za inchi 13 zinapendeza na ni nyepesi, lakini tairi zake ni chache madukani. Za inchi 15 tairi zake zinapatikana kirahisi.

Rangi iko katikati. Pua na madigadi ni faibaglasi, huja zimeshapakwa, kwa hiyo lazima uamue mapema. Lakini usitumie pesa nyingi kwenye rangi ya kipekee ukasahau kinga. Tairi za mbele hurusha kokoto moja kwa moja kwenye madigadi ya nyuma. La kwangu lilichubuka siku ya kwanza barabarani, kidoa cheupe ukubwa wa punje ya mchele. Agiza kinga za madigadi pamoja na gari.

Kuna sababu nyingine ya kuchelewesha mapambo. Gari la kujiundia haliingii barabarani Uingereza kabla ya kupita IVA, ukaguzi wa gari moja moja unaofanywa na DVSA, wakala wa serikali wa viwango vya madereva na magari. Mkaguzi anatazama, pamoja na mengine mengi, kingo zote za nje zinazoweza kumkata mpita njia: zinatakiwa ziwe zimeviringwa kwa nusu kipenyo cha angalau milimita 2.5. Kioo cha pembeni chenye ncha kali, au kipande cha kaboni chenye ukingo mkali, kinaweza kukurudisha nyumbani. Peleka gari likiwa na vile vifaa vya kawaida na mipira yake ya kufunika kingo.

Ndugu walioko Mombasa na Dar huniuliza kama gari hili linawafaa, maana usukani uko kulia kama wetu. Usukani si tatizo. Tatizo ni sampu, bakuli la oili chini ya injini, ambayo haiko juu ya ardhi kwa zaidi sana ya upana wa kiganja. Hesabu matuta kati ya nyumbani kwako na barabara kuu, kisha ujijibu mwenyewe.

Na siku lori litakapoleta visanduku, usikimbilie cha injini. Anza na vile vidogo vya bolti na washa. Vimwage kwenye trei kimoja kimoja, linganisha na orodha iliyokuja navyo, andika kilichopungua na uwapelekee siku hiyo hiyo, kabla hujakaza hata nati moja.