Boti ya Faiba Iliyofifia: Nini cha Kununua Kwanza, Nini cha Kuacha Dukani

Kabla hujatoa hata shilingi, chukua fulana nyeusi kuukuu uisugue ubavuni mwa boti mara mbili tatu. Ikitoka na unga mweupe kama umeegemea ubao wa shule, hiyo ni jelikoti, lile tabaka gumu la nje lenye rangi juu ya faiba, iliyoliwa na jua. Halafu pamwagie maji papo hapo. Rangi ikirudi na kung'aa wakati bado pamelowa, boti inatengenezeka kwa mashine na polishi. Ukiona nyuzi za faiba zinachungulia, au mabaka yanayoonyesha rangi ya chini, kompaundi, ile dawa ya kusugua inayokata tabaka la juu, haina kazi hapo. Soma namba tano kwenye orodha hapa chini.

Wengi wetu hununua kinyume. Mtu anachukua nta ya bei kubwa, anaipaka juu ya ule unga, boti inametameta Ijumaa, wiki ya pili imerudi kule kule. Na mwingine anakimbilia kompaundi kali kuliko zote dukani, kila mwaka. Jelikoti ni kama sabuni ya kipande: unene wake ni takriban nusu milimita, na unachokisugua hakirudi. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kuangalia kitu kinachokula jelikoti kidogo na kuikinga na jua kwa muda mrefu. Kung'aa huja kwenyewe.

1. Kompaundi ya wastani, halafu nta ngumu ya kopo

Kwa boti nyingi za uvuvi na za watalii zilizofikisha miaka mitano na kuendelea, hapa ndipo pa kuweka pesa. Meguiar's namba 67 hukata vizuri bila kuacha mikwaruzo mirefu. Juu yake paka Collinite 885, nta ngumu kiasi kwamba mkono utakuuma, lakini kwa jua letu hunikalia miezi miwili hadi mitatu. Boti yangu ya futi 23 hula kama lita moja ya kompaundi kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), nje tu, bila sitaha. Nta ni kopo moja, na linabaki.

Wazee wa majahazi hili hawahitaji kufundishwa. Wanapaka sifa, yaani mafuta ya papa, kwenye mbao, msimu ukigeuka wanapaka tena, wala hakuna anayelalamika kwamba ile ya mwaka jana imeisha. Mwenye boti ya faiba ndiye anayedhani kopo moja ni la maisha.

Kitu kinachoharibu kazi hii ni mashine. Nunua au azima polisha ya kuzunguka inayobadilishwa mwendo, uiendeshe kati ya mizunguko 1,200 na 1,800 kwa dakika, na pedi ya sufi kwa kompaundi. Grainda la inchi nne na nusu huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Mwaka juzi kijana mmoja alifunga sponji kwenye grainda akaanza na kona ya tezi yangu. Harufu ya plastiki ilitufikia kabla hatujapiga kelele, na alipoinua mkono palikuwa na doa la manjano upana wa kiganja. Mzee aliyekuwa akikalafati dau pembeni alisogea, akaligusa kwa kidole gumba. "Mwanangu," akamwambia, "hiyo si mbao, kwamba utapiga kiraka upake sifa tusahau." Doa liko pale hadi leo.

2. Dawa ya mbili kwa moja

3M Fiberglass Restorer and Wax ni mfano mzuri: inakata kidogo na kuacha nta kwa mkupuo mmoja. Kama boti ni changa na fulana imetoka na unga hafifu tu, hii inashinda namba moja kwa sababu huna haja ya kukata zaidi ya hapo. Kwa boti iliyochoka kweli, utaishia kuipaka mara tatu na kulaumu dukani.

3. Silanti ya polima

Hii ni kinga ya kupaka mahali pa nta. Hukaa muda mrefu kuliko nta na hupakwa kwa urahisi. Nimeiweka ya tatu kwa sababu moja: sehemu lazima iwe safi kabisa, bila mafuta ya nta ya zamani, na kwenye ufuo hilo ni gumu kuliko linavyosikika. Ukiwa na gati na maji baridi ya bomba, ipandishe hadi namba moja.

4. Seramiki

Hii ni kinga ngumu ya kupaka. Ni nzuri, ni ghali. Inahitaji kivuli, hewa isiyo na vumbi na fundi anayejua. Boti inayokokotwa mchangani kila siku itaikwaruza kama kitu kingine chochote. Waachie wenye boti zinazolala bandarini.

5. Rangi

Jelikoti ikiisha, hakuna njia nyingine. International Toplac ni ya kopo moja na hupakwa kwa brashi na rola, unaweza mwenyewe. Awlgrip ni ya kuchanganya kopo mbili, ngumu zaidi, inang'aa miaka. Ila ikipulizwa, mvuke wake una isosayaneti, kemikali ya sumu, na barakoa ya vumbi haikulindi. Fundi asiye na barakoa ya kupelekewa hewa safi asiipulize.

6. Vanishi za akriliki

Poli Glow na wenzake hupakwa tabaka tano sita nyembamba, na siku hiyo hiyo boti inaonekana imetoka kiwandani. Ukiiacha bila kuiongeza, inageuka manjano na kubanduka vipande vipande, na kuitoa ni kazi kuliko kompaundi. Nainunua kwa boti inayouzwa tu. Nimesema.

Polishi ya gari yenye silikoni sikuipa namba. Siku utakapotaka kupaka rangi, silikoni itaifanya rangi ikimbie na kuacha vishimo.

Kama boti hulala kwenye hori (mkono wa bahari) lenye mikoko, ongeza kwenye kapu asidi ya oksaliki, ya kutoa madoa. Ule mstari wa kahawia usawa wa maji ni tanini, ile ile ya magome ya mikoko yaliyokuwa yakitumika kutengenezea ngozi za wanyama, na kompaundi inauchosha mkono bure. Vaa glavu, paka, subiri dakika chache, suuza kwa maji mengi. Jiki usiiguse kwa madoa ya kutu, huyakoleza.

Vitu hivi vyote vinunue kabla ya kusi kukaza, boti zikiwa zimepandishwa. Asiye na pa kupandishia asubiri bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana: maji yakipwa, boti ikilala mchangani, anapata saa nne au tano kavu za ubavu mmoja. Ubavu wa pili ni bamvua lijalo.