Tathmini ya SEVIA: picha ya mlango wa kizazi na jicho la pili

Kipimo cha VIA, yaani kuangalia mlango wa kizazi kwa macho baada ya kuupaka asidi ili kutafuta mabadiliko yanayotangulia saratani, kinahitaji asidi asetiki, pamba, spekulamu, taa na macho yaliyozoea. Vinne vya kwanza vinanunulika. Macho ndiyo kazi: muuguzi anafundishwa kwa siku chache, anapewa cheti, kisha anarudi kituoni ambako hakuna wa kumwambia kama lile doa jeupe la jana lilikuwa la mabadiliko hayo au uvimbe wa kawaida. SEVIA, yaani VIA inayosaidiwa na picha za simu, ilibuniwa kuziba pengo hilo, na ndilo tunalolitumia kuipimia hapa.

Mfumo ulijaribiwa mkoani Kilimanjaro na timu ya Dk. Karen Yeates wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, ambaye kazi yake mjini Moshi imeshikamana na kituo cha wanawake cha Pamoja Tunaweza. Matokeo ya majaribio hayo, yaliyofanywa na wahudumu wasio madaktari, yalichapishwa 2016. Dk. Yeates ni bingwa wa figo. Ajabu kidogo kumkuta kwenye saratani ya mlango wa kizazi, ila ukitazama vizuri, tatizo lenyewe lilikuwa umbali kati ya muuguzi na mwalimu wake kuliko ugumu wa ugonjwa. Muuguzi anapiga picha kwa simu, anaituma pamoja na maelezo ya mama, na mtaalamu aliye mbali anaiangalia na kumjibu.

Chumbani, kazi nzuri huenda hivi. Mama anaelezwa kabla hajapanda kitandani: "Mama, nitapiga picha ya mlango wa kizazi peke yake, uso wako hautaonekana." Ridhaa anayoombwa mtu akiwa ameshalala amepanua miguu si ridhaa. Spekulamu ikishapanuliwa na kukazwa vizuri, ute unafutwa kwa pamba kavu, kisha inapigwa picha ya kwanza, kabla ya asidi. Picha hii ni rahisi kuiruka, ilhali ndiyo inayomsaidia sana mtaalamu, maana weupe uliokuwapo tangu mwanzo hautokani na asidi. Halafu pamba iliyolowa asidi ya asilimia 3 hadi 5 inagandamizwa pale na saa inaangaliwa, dakika 1 kamili. Anayekisia dakika kwa kichwa huishia sekunde 20, na doa linakuwa halijajitokeza. Ndipo inapigwa picha ya pili.

Kosa ambalo simu haiwezi kuligundua ni asidi yenyewe. Kama inatengenezwa kituoni kutoka kwenye asidi asetiki kali, ni mililita 5 za asidi ndani ya mililita 95 za maji safi, asidi ikimiminwa kwenye maji, na inayobaki jioni inamwagwa. Siki nyeupe ya mezani yenye asilimia 5 nayo inafaa. Asidi ikiwa dhaifu, hakuna kitakachogeuka rangi: picha zitakuwa safi, mtaalamu atajibu "hasi" siku nzima, na kila mtu atakuwa amefanya kazi yake sawasawa. Kituo kinachopata hasi mfululizo kwa wiki nzima kikague chupa kabla ya kushangilia.

Kamera nayo ina visa vyake. Simu nyingi hazishiki fokasi chini ya sentimita 10 hivi, kwa hiyo anayetaka doa lionekane kubwa arudi nyuma kidogo na kuvuta picha kwa vidole kwenye skrini, asiisogeze simu. Fokasi hupenda kushika ukingo wa spekulamu kwa kuwa una mstari mkali, nao mlango wa kizazi unabaki ukungu. Gusa skrini juu ya mlango wenyewe kabla ya kupiga. Mwanga wa simu ukipiga sehemu yenye majimaji unaacha mng'ao mweupe, na mng'ao huo kwenye picha ndogo unafanana na doa la asidi. Dawa yake ni kuinamisha simu kidogo na kupiga picha ya ziada: mng'ao utahama, doa litabaki palepale. Kwa mama ambaye kuta za uke zinaingia katikati, kondomu iliyokatwa ncha na kuvalishwa kwenye spekulamu inazizuia vizuri.

Je, jibu linasaidia? Kwa mafunzo, sana, na hapa ndipo sifa yake kubwa ilipo. Anayejifunza VIA peke yake huelekea kuita "chanya" kila kitu cheupe: vijivimbe vya ute, uvimbe wa maambukizi, weupe hafifu usio na mipaka. Anachopaswa kutafuta ni weupe mzito wenye ukingo dhahiri, unaogusa mstari ambapo utando wa nje unakutana na ule wa ndani. Maneno haya yamo kwenye kila mwongozo na hayaingii akilini mpaka mtu aonyeshwe kwenye picha aliyoipiga mwenyewe, mchana uleule.

Kwa mama, faida inategemea kasi. Nguvu ya VIA ni kupimwa na kutibiwa safari moja. Doa lisiloingia kwenye mfereji wa ndani ya mlango wa kizazi, lisilozidi robo tatu ya mlango wa kizazi, linalofunikwa lote na kichwa cha kifaa cha tiba na lisilo na dalili za saratani linatibiwa siku hiyohiyo: kwa joto la nyuzi 100 au zaidi, sekunde 20 hadi 30, au kwa tiba mgando, kugandisha dakika 3, kuacha 5, kugandisha tena 3. Jibu likifika mama ameshapanda daladala, mfumo umebaki darasa tu, darasa zuri, lakini yeye hajapata kitu. Kituo kinachotaka kuanza kiulize kwanza nani anashika zamu upande wa pili Ijumaa saa 8 mchana, na muuguzi afanye nini asipojibiwa ndani ya dakika 10. Pasipo jibu la maswali hayo mawili, fedha za simu zinunue kifaa cha tiba.

Kuna mahali picha haisaidii hata kidogo. Baada ya kukoma hedhi, ule mstari wa makutano huingia ndani ya mfereji na kamera haiuoni. "Hasi" ya mama wa miaka 58 haina uzito wa "hasi" ya mama wa 35. Tena wataalamu wenyewe, wakipewa picha moja, hawakubaliani kila mara, na hilo limeonekana tangu enzi za kamera za filamu. Ndiyo maana WHO tangu 2021 inapendekeza kipimo cha DNA ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, kiwe cha kwanza, ambacho mama anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe. Palipo na kipimo hicho na mashine inayofanya kazi, tungeanza nacho, na simu ihamie hatua ya pili: kuamua nani anafaa tiba ya papo hapo, nani aende kwenye LEEP (kukata sehemu yenye doa kwa waya wa umeme), na nani apelekwe rufaa haraka. Pasipokuwapo, VIA yenye jicho la pili ni bora kuliko VIA ya upweke. Kliniki za CTC, za matunzo na tiba ya VVU, zinafaa kutangulia, kwa kuwa wanaoishi na VVU wako kwenye hatari kubwa zaidi, huanza kupimwa wakiwa na miaka 25, na tayari wana tarehe za kurudi.

Faragha ni suala la mipangilio. Simu iwe ya kituo, yenye namba ya siri, hifadhi ya mtandaoni ya picha iwe imezimwa, na picha itajwe kwa namba ya faili. Kikundi cha WhatsApp cha wauguzi kinavutia kwa sababu ni bure na kila mtu anacho. Lakini picha zinaingia zenyewe kwenye gala ya kila mwanakikundi, pamoja na simu ambayo mtoto anachezea nyumbani.