Etymonline: kamusi iliyonifungulia neno confused

Naitumia Etymonline muda sasa na nimeona niiandikie maneno mawili matatu, maana watu wengi bado wanahangaika na makamusi yanayokuzungusha tu. Kabla yake nilikuwa na apu moja ya kulipia, nikatafuta confused ikaniambia ni mtu aliye kwenye hali ya confusion, kugusa confusion ikanirudisha kwenye hali ya kuwa confused, sasa hapo umejifunza nini? Nikaifuta siku hiyo hiyo.

Hii ni bure, inafunguka kwenye brauza na apu yake ipo, imeandaliwa na Mmarekani anaitwa Douglas Harper, na kazi yake kubwa ni moja, kukuambia neno la Kiingereza limetoka wapi na lilianza kuonekana lini.

Chukua hiyo hiyo confused. Inakupeleka mpaka kwenye Kilatini, confundere, ambapo con ni pamoja na fundere ni kumimina, yaani kumimina vitu chombo kimoja mpaka usijue kipi ni kipi. Mi hapo nilisimama kwanza. Sisi tunasemaje? Nimechanganyikiwa! Changanya, changanyika, changanyikiwa. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimeona picha ile ile ndani ya kichwa cha mtu, na nimelitamka hili neno maisha yangu yote bila kuliona. Halafu fundere ina watoto wengine, foundry, kule chuma kinakomiminwa kwenye kalibu, transfusion ya damu, na hata refund, kitu kikimiminwa kurudi kilikotoka.

Tena confused ndio ilitangulia, confuse ikafuata. Confused ipo kwenye Kiingereza tangu karne ya 14, na mwanzoni ilibeba hata maana ya kushindwa na kutawanywa vitani, ikienda sambamba na confound, ambayo nayo ni ya confundere ila imepitia Kifaransa. Kitenzi confuse kikachongwa kutoka humo karne ya 16, na kumvuruga mtu akili kwa hilo neno kukaja kuzoeleka karne ya 19.

Ukitoka hapo nenda perplexed. Mzizi wake ni plectere, kusuka, kusokota. Sasa fikiria uzi uliotatizika, unavuta huku unakaza kule, ndio kutatizika kwetu huko! Kwa hiyo anayefundisha Kiingereza au anayetafsiri ana sababu ya kuchagua, confused ni kuchanganyikiwa, perplexed ni kutatizika, sio kuyarusha yote kwenye kapu moja.

Ninachoiheshimu zaidi ni ukweli wake. Puzzle, neno la kila siku kabisa, inakuambia wazi kwamba asili yake haina uhakika, haikutungii hadithi.

Ila uielewe, hii sio ya matamshi wala ya kukufundisha kupanga sentensi, kwa hayo shika kamusi ya kawaida pembeni. Maelezo yote ni ya Kiingereza na yana vifupisho, ukiona mid-14c. ujue ni katikati ya karne ya 14, miaka ya 1350 hivi, usiisome kama mwaka kamili. Ukishazoea hicho inasomeka vizuri tu. Nyota tano kutoka kwangu, na ukiifungua leo anza na bewilder, utafute kwanza hiyo wilder iliyojificha humo ndani.