Ooty kutwa nzima: treni nenda, Toda nenda, ziwani pita tu

Haya nawaandikia hasa wenzangu wa Unguja na Pemba wanaokwenda India kwa matibabu, au wenye watoto wanaosoma kule Chennai, Coimbatore na Bangalore. Najua tulivyo, hospitali ikishamalizika siku zinazobaki zote zinaishia madukani, madera na masufuria, halafu ndege. Sasa mkipata nafasi na mgonjwa daktari keshampa ruhusa ya kutembea, nendeni Ooty. Kwenye ramani mtakuta imeandikwa Udhagamandalam, ndo huko huko, juu kwenye milima ya Nilgiri, mita 2,240 hivi kutoka usawa wa bahari. Sie ambao tukifika Masingini tunasema tushapanda mlima, kule ni habari nyengine kabisa.

Tulikuwa mimi, mama na mdogo wangu, tumetokea Coimbatore. Alfajiri tukenda mpaka Mettupalayam pale chini ya mlima kupanda treni ya Nilgiri, na niseme mapema kabisa, hii treni ndo safari yenyewe, mengine yote yanakuja nyuma yake. Reli ilifika Coonoor, mji ulio njiani, 1899, ikafika Ooty 1908, na UNESCO waliitia kwenye urithi wa dunia 2005, miaka mitano baada ya Mji Mkongwe wetu. Inaondoka saa moja na dakika kumi asubuhi, inafika juu kama saa sita mchana, na njia yote ni kilomita 46 tu. Mtu atasema mbona inakwenda kama konokono, lakini ukiuona ule mlima utashangaa kuwa inapanda kabisa. Kutoka Kallar mpaka Coonoor katikati ya reli mbili wamelaza chuma chengine chenye meno, na chini ya injini kuna gurudumu la meno linang'ata mle ndani, linapanda jino baada ya jino, bila ya hilo ingerudi kinyumenyume mpaka chini. Na injini, ambayo ni ya mvuke hasa ile ya zamani, haikai mbele ikavuta, iko nyuma inasukuma mabehewa. Kila kipande inasimama kunywa maji, watu wote wanashuka kupiga picha, na kima wako pale pale wanaangalia nani kaacha mkoba wazi, kwa hiyo biskuti zenu zifungeni.

Kitu kilichonifurahisha zaidi ni mahandaki. Treni ikiingia tu gizani behewa zima linapiga ukelele, wakubwa kwa watoto, ndo desturi yao. Mama mwanzo alishtuka akashika tasbihi, baadae na yeye alikuwa anapiga vigelegele vya harusini na wale kinamama wa Kitamil wanamgeukia wanampigia makofi. Wallahi sikumuona mama na furaha ile tangu aanze kuumwa.

Tiketi zake ni tabu kupata, zinauzwa kwa mtandao wa reli za India na zinamalizika mapema sana, hasa Aprili na Mei ambapo kila Mhindi anayekimbia joto la bondeni yuko huko. Mkikosa msikate tamaa, kuna kipande cha Coonoor mpaka Ooty chenye treni kadhaa kwa siku. Hicho ni injini ya dizeli na hakina meno, lakini bonde la Ketti mnalipita pembeni na mashamba yake ya karoti na mbatata yamepangwa ngazi ngazi, uzuri mtupu. Wanaotaka kwenda na kurudi siku moja toka Coimbatore wafanye hivo, wapande kwa gari asubuhi, washuke Coonoor wachukue treni, dereva atawakuta Ooty.

Sie tulilala kule, siku ya pili tukachukua teksi ya kutwa. Dereva nampa tano kwa tano. Mtu mzima, mpole, kwenye kona hakimbizi, mama yetu yeye anamwita Amma, yaani mama kwa Kitamil, na anamfungulia mlango kila tunaposimama. Ila ile karatasi ya wakala aliyepanga safari siisifu hata kidogo, imejazwa "pointi" chungu nzima na ukizisoma vizuri nyengine ni maduka tu, duka la chokoleti, duka la mafuta ya mkaratusi, duka la chokoleti tena, kila moja dakika kumi na tano kisha haya ingieni garini. Nikamwambia dereva, kaka, mama katoka hospitali juzi, sie tunataka sehemu chache lakini tukae. Akasema sawa dada, basi tuanze juu kabla ya mawingu. Na nyie fanyeni hivo hivo, karatasi ya wakala si msahafu.

Juu ni Doddabetta, kilele kikubwa kuliko vyote vya Nilgiri, mita 2,637. Tulifika mapema ukungu haujafunga, unaona milima imepangana mpaka macho yanachoka. Mama kavaa sweta, juu yake shali, juu yake kanga, anasema "mwanangu, mbona nikizungumza natoa moshi?" Mdogo wangu akawa anampigia video na yeye anapuliza kwa makusudi. Tulipoondoka tu wingu likashuka na waliokuja nyuma yetu hawakuona kitu.

Bustani ya serikali ilianzishwa 1848, hapo kaeni. Kuna gogo la mti lililogeuka jiwe, wanasema lina umri wa miaka milioni 20, ukiligusa ni jiwe kweli la baridi lakini mistari ya mti unaiona. Ukipanda mpaka kule juu kabisa ya bustani unakuta vibanda vya Watoda, wenyeji wa milima hii tangu zamani, wafugaji wa nyati. Nyumba zao paa limepinda mpaka chini kama nusu ya pipa, na kimlango kidogo unaingia kwa kutambaa. Shali zao ndo nilizozipenda kuliko kitu chochote nilichokiona Ooty. Kitambaa cheupe, uzi mwekundu na mweusi tu, na mwanamke anatia sindano kwa kuhesabu nyuzi za kitambaa, hachori kwanza, mkono unapajua. Nimekaa na moja mkononi naitizama, kushoto na kulia mistari imelingana sawasawa. Tangu 2013 mtarizo huu una ulinzi wa kisheria wa asili yake, kwa hiyo ulizeni wapi wanauza kazi za Watoda wenyewe, sokoni kuna za mashine. Bei yake si ndogo, na haistahiki kuwa ndogo.

Kiwanda cha chai kizuri, msikipite. Unaona majani yananyaushwa, yanasagwa, yanaachwa mpaka yanageuka rangi, yanakaushwa, kisha yanachekechwa kwa daraja, na harufu yake mle ndani inakukaa kwenye nguo. Mama alinunua pakti za kutosha ukoo mzima.

Ziwa lenyewe ni la kutengenezwa, alilifanya Mwingereza John Sullivan 1824. Maboti, kelele, foleni, msongamano. Sie bahari iko mlangoni, sijaona sababu ya kupanga mstari kwa ajili ya boti la pedeli. Wenye watoto wadogo labda. Kanisa la St. Stephen's tulilitizama kwa nje tu, inaelezwa magogo ya dari lake yalitolewa kwenye kasri la Tipu Sultan, mtawala Muislamu wa Mysore, baada ya Waingereza kumuua 1799, na habari hiyo ilimkaa mama moyoni njia nzima.

Chakula hakuna shida, hoteli za Waislamu zipo na misikiti ipo mjini, na dosa, chapati yao nyembamba ya mchele, ikiwa ya moto kwenye baridi ile ina raha yake. Jaribuni varkey, kama mkate mkavu wa tabaka tabaka, unavunjika mdomoni, chai ya maziwa pembeni.

Mwisho mambo ya kujua. Chupa ndogo za maji za plastiki haziruhusiwi Nilgiri yote, chukueni chupa ya chuma, mashine za kujazia zipo. Gari zinazopanda zinahitaji kibali cha mtandaoni tangu Mei 2024, mwambieni dereva akishughulikie kabla. Bebeni rupia taslimu maana wenyewe wanalipa kwa simu na kadi zetu dukani mara nyingi zinakataa. Mafuta ya mkaratusi nunueni kichupa kimoja kwanza mkayanuse vizuri. Na kushuka kwa gari kona ni nyingi mno, mdogo wangu alitapika mpaka Mettupalayam, kwa hiyo mgonjwa akae kiti cha mbele, tumbo lisiwe limejaa, na tangawizi iwe mkobani.