Nimesoma The Order of the Stick kwa ajili ya Belkar, nikajikuta mwenyewe humo ndani (uzoefu wangu)

Nianze na aibu yangu kabisa ili msije mkanidhania mtu wa maana. Kuna siku kwenye meza yetu ya Dungeons & Dragons (D&D, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu), kikao cha nne au cha tano hivi, mhusika wangu alikuwa mwizi mwenye visu viwili, tukakutana na mzee mmoja mlinda daraja, kauliza tu tunaenda wapi, basi, swali la kawaida kabisa. Nikarusha dadu la pande ishirini nikamchoma. Meza nzima kimya. DM (yule anayeendesha mchezo) kaweka penseli chini taratibu, kaniuliza kwa nini. Nikampa lile jibu ambalo kila aliyewahi kucheza haya magemu ashalisikia: "Ndo mhusika wangu alivyo, angefanya hivo." Kumbe yule mzee ndo alikuwa na habari zote za safari yetu, DM kamuandaa wiki nzima. Jamaa aliyekaa pembeni yangu wala hakukasirika, kanigeukia tu akasema, "Kaka, we ni Belkar. Nenda kasome."

Nikaenda kusoma. Nilidhani ntasoma vipande kumi nione huyo Belkar ni nani nirudi kubisha, nikaja kushtuka kumepambazuka na simu iko asilimia tatu.

Kwa ambao hawaijui, The Order of the Stick ni katuni ya mtandaoni ya Mmarekani Rich Burlew, imeanza mwaka 2003 na unaisoma bure. Michoro ni ya watu wa vijiti, kichwa duara, mikono mistari, ukiiangalia haraka unasema hii hata mi naweza, alafu ukijaribu ndo unajua hauwezi. Dunia yao inaendeshwa na kanuni za D&D toleo la 3.5, na raha yake ni kwamba wahusika wenyewe wanajua. Kipande cha kwanza kabisa wako katikati ya mapambano, ghafla wanabadilishwa kutoka toleo la zamani kuja jipya, kila mtu anajikagua nini kimebadilika. Kwa hiyo mtu anakwambia kabisa nimepanda leveli, au nimefeli kurusha dadu, kama we unavyosema nimepiga chafya. Kikosi ni sita: Roy kiongozi na mpiganaji, Durkon kliriki (kasisi mwenye uchawi wa kuponya) mbilikimo, Haley mwizi, Elan mwimbaji, Vaarsuvius mchawi ambaye hadi leo hujui ni mwanamke au mwanaume na ni utani wa makusudi, na huyu wangu, Belkar Bitterleaf.

Sasa Belkar. Kwenye karatasi yake ya mhusika ni halflingi, kimo cha mtoto, darasa lake, yani kazi yake kwenye gemu, ni renja (mpiganaji wa porini) na kachanganya leveli ya babariani (mpiganaji wa hasira), visu viwili, na kwenye kile kiboksi cha maadili kaandikiwa mwovu upande wa vurugu. Hapo inabidi nieleze kidogo. D&D ilivyotoka mwaka 1974 ilikuwa na pande tatu tu, sheria, katikati na vurugu. Baadaye wakaongeza wema na uovu, zikawa boksi tisa, kila mhusika anakaa kwenye mojawapo. Lile boksi la kona, uovu na vurugu kwa pamoja, kwenye meza nyingi DM anakuambia mapema kabisa hapana, chagua lingine, maana anajua anayelitaka hilo mara nyingi anatafuta ruhusa ya kuwa msumbufu tu (mi nililitaka hilo, naomba iandikwe).

Ndo maana nasema Belkar sio antihiro (shujaa asiye mwema) wa kawaida. Antihiro tuliomzoea ana kisingizio, aliuliwa familia, alisalitiwa, ana kovu usoni na huzuni moyoni, anaua lakini anaua wabaya. Belkar hana hata kimoja. Hakuna utoto mchungu wa kukutoa machozi. Anachoma watu kwa sababu anapenda kuchoma, na kwa sababu kila aliyekufa ana pointi za uzoefu, zile za kukupandisha leveli. Huyo sio mtu wa hadithi, huyo ni mchezaji! Ni yule mtu wa kwenye meza ambaye kila kitu kwake ni namba, mlinda daraja ni pointi hamsini zinazotembea. Burlew kamchukua yule mchezaji anayeudhi kila mtu akamtoa kwenye kiti, akamuingiza ndani ya dunia yenyewe, akamwambia haya sasa ishi humo na wenzio. Mimi kusoma hiyo nilikuwa nacheka huku nasikia moto masikioni.

Kuna utani mmoja wa kanuni nilikuwa sijauelewa mpaka nikaenda kufungua kitabu cha sheria. Anatokea Miko, paladini, yule askari wa wema ambaye ana uwezo wa kunusa uovu wa mtu. Unategemea Belkar kakamatwa palepale, maana uovu wake si unawaka kama taa. Hapana. Belkar katoa kibati chembamba cha risasi (ile metali, sio ya bunduki) kajikinga nacho. Ukisoma ule uchawi wa kunusa uovu kwenye toleo la 3.5 imeandikwa kabisa, unazuiwa na futi moja ya jiwe, inchi moja ya metali ya kawaida, futi tatu za mbao au udongo, au bati jembamba tu la risasi. Yani jamaa ambaye kila mtu anamuona kichaa asiyesoma kitu, kanuni inayomfaa yeye kaisoma hadi mstari wa mwisho. Kila meza ina mtu wa hivo, hajui jina la mfalme tunayemtumikia ila anajua ukurasa gani unasema anaruhusiwa kushambulia mara mbili.

Na kuna ile ya Hekima, hii ndo ilinigonga. Renja kwa kanuni anaweza kupiga uchawi mdogomdogo, kuponya kidonda na vitu kama hivyo, lakini lazima stati yake (namba ya uwezo) ya Hekima ifike angalau 11 kwa uchawi wa leveli ya kwanza. Belkar hafiki. Katupa namba zake ndogo kwenye Hekima kama tunavyofanya wote, si unajua, Hekima ya nini mi napigana. Sasa kuna mahali wanamhitaji aponye, wakampandishia Hekima kwa uchawi wa muda, wenye kuongeza pointi nne. Ghafla jamaa anaanza kuelewa wengine nao wanaumia, anaona maisha yake yote aliyofanya, anajuta. Alafu uchawi unaisha na yeye anarudi vilevile. Watu wanasoma pale wanacheka na kusonga mbele, mi nilirudia mara tatu. Maana utani wenyewe unasema ubaya wa Belkar sio siri kubwa ya moyo, ni namba ndogo kwenye boksi moja ambayo mtu aliichagua.

Ila kiini cha yote kwangu ni habari ya Alama ya Haki. (Kuanzia hapa nafichua mambo, kama hujasoma ruka.) Belkar anaua mlinzi akitoroka jela kwenye mji wa Azure City, mtawala wa pale, bwana Shojo, badala ya kumnyonga anampiga alama ya kichawi: akimjeruhi kiumbe hai kwa nia ya kuua ndani ya mji au kijiji, laana inamshukia. Hii ni kamba ya DM kabisa, ndo kile DM anachofanya mchezaji akizidi. Basi Belkar miezi yote anaishi na kamba shingoni anatafuta nafasi ya nje ya mipaka.

Wanafika kwa mtabiri mmoja, kijoka kidogo cha maneno mengi. Huko nyuma Belkar alishamuuliza, je nitasababisha kifo cha yeyote kati ya hawa: Miko, farasi wa Miko, Roy, Vaarsuvius, au wewe mwenyewe? Akajibiwa ndiyo. Sasa karudi kudai, mbona sijaua hata mmoja, mtabiri anaanza kumzungusha na maelezo ya kisheria, ooh yule ulichangia kidogo kwa njia fulani. Belkar anamsikiliza, alafu anakumbuka jina la mwisho kwenye orodha. Kisu. Nikapiga kofi peke yangu chumbani. Alafu laana ikashuka, kwa sababu mtabiri ni mtabiri, alishajua, na lile bonde lake alishalifanya kijiji rasmi chenye jina la matusi ya kumlenga halflingi. Hata kufufuliwa kwake alishakupanga. Hiyo ndo maana ya kubishana na DM aliyejiandaa.

Belkar anaanguka mgonjwa hoi, na kwenye homa anamuota Shojo, ambaye wakati huo ni marehemu. Sikutegemea kabisa alichoambiwa. Shojo hamwambii kuwa mwema. Anamwambia we mjinga unakataa kucheza, na anayekataa kucheza hutolewa mezani, ukitaka kuchakachua basi kwanza ukae ndani ya gemu na wenzio, ujifanye. Jifanye tu! Belkar anaamka anasema sawa, kuanzia leo najifanya nimebadilika kitabia.

Na hapo Burlew anafanya kazi ambayo sijaona antihiro mwingine akifanyiwa. Hakuna siku Belkar anatubu, ila ule uigizaji unaendelea taratibu kwa mamia ya vipande na we msomaji unashindwa kujua lini umekoma kuwa uigizaji, mwenyewe pia nadhani hajui. Kuna paka, Mr. Scruffy, alikuwa wa Shojo, Belkar akamrithi, na paka ndo kiumbe wa kwanza ambaye Belkar anamjali bila kuhesabu pointi. Baadaye Durkon anakufa kwenye mapambano aliyoyaingia ili kumuokoa Belkar, anageuzwa vampaya (mfu mnyonya damu), na kikosi kizima kinamkubali yule vampaya kama ni Durkon yuleyule. Mtu mmoja tu anakataa, anasema huyo sio rafiki yetu. Yule mwenye Hekima ndogo! Roy hamsikilizi, kwa nini amsikilize, miaka yote jamaa kazi yake kuvuruga. Nilitaka kumtikisa Roy na wakati huohuo nikasema haki yake, mimi nikisema leo kwenye meza yetu "jamani huyu mzee wa daraja tusimguse" nani ataniamini?

Na bado karatasi yake inasema mwovu. Hiyo naipenda sana, hajahamishiwa boksi la wema kama zawadi. Alafu juu ya yote kuna utabiri wa yule yule kijoka kwamba Belkar atavuta pumzi yake ya mwisho kabla mwaka haujaisha, na mwaka wa ndani ya hadithi unaenda polepole mno, kwa hiyo umekaa na hicho kitu kooni miaka na miaka ya kusoma.

Sasa mabaya yake, maana siuzi kitu hapa. Vipande mia vya mwanzo ni utani wa kanuni tu, na Belkar wa mwanzo ni wa kuchosha, anaua mtu tunacheka, anaua tena, haya. Kama hujawahi kucheza D&D nusu ya vichekesho vitakupita, na vingi ni mchezo wa maneno ya Kiingereza ambao hata ukijua Kiingereza unahitaji kusimama. Maneno ni mengi kwelikweli, kwenye kioo cha simu unavuta unakuza unasogeza mpaka kidole kinauma. Na ni ndefu, imepita vipande 1,200, na vipya vinakuja vikiwa tayari, usisubiri ratiba. Vitabu vya karatasi vipo, mwaka 2012 Burlew aliomba wasomaji wamchangie dola 57,750 kuchapisha upya kilichoisha, wakampa zaidi ya milioni 1.2, kwa hiyo sio mimi peke yangu niliyeshikwa. Mi nimesoma ya bure tu.

Nyota ninampa nne na nusu kati ya tano, ile nusu nimekata kwa ajili ya vipande vya mwanzo na kidole changu. Usiruke mwanzo lakini, hata kama unakuchosha, maana huwezi kuelewa uzito wa yule paka kama hukumuona Belkar kabla ya paka.

Meza yetu iliendelea. Nilimuomba DM msamaha wa mlinda daraja, nikaomba mhusika mpya, safari hii kliriki, Hekima 16, boksi la wema kabisa. DM kaangalia karatasi, kaniangalia mimi, kaangalia karatasi tena, akasema sawa, tutaona. Yule jamaa wa pembeni kaniuliza kama najifanya. Nikamwambia ndiyo. Kikao cha kwanza nikaponya watu watatu, nikamzika maiti ambaye hata hakutuhusu, na wakati wote wanaomba dua pale kaburini mi nikaiba taa ya mchimba kaburi.